Kinini ya Siku za Wageni

Nsimire,

Mama yako amepanda soko la Kadutu kutafuta unga wa safari na hajarudi bado. Nyumba imenyamaza. Nimemeza kinini yangu, kidonge cha mchana, nimeingojea ishike, na sasa mkono wa kuume unanitii. Ukiona herufi zinaanza kuwa ndogo na kupanda juu ya mstari, ujue dawa inaniacha. Nitaweka kalamu chini mpaka ile ya jioni ifanye kazi, halafu nitaendelea.

Mambo ya safari sitayagusa. Gari ya Uvira, mashua ya Kalemie, mahali pa kuficha pesa, watu wa kutowapa namba ya simu: mama yako amekwisha kuyasema, na kesho atayasema tena. Tena Tonton Murhula atakuwa pembeni yako mpaka Kalemie, na njiani ndugu yangu yule haoni aibu kuuliza. Mimi nataka kukusimulia habari moja uliyoiishi pamoja nami, lakini uliiona kwa macho ya mtoto. Sipendi ufike nayo Lubumbashi ikiwa nusu.

Ilianzia ubaoni. Nilikuwa prof wa jografia, na wewe ulikuwa hujaanza shule. Siku moja wanafunzi wa nyuma wakaanza kulalamika: "Prof, unaandikaka kidogo sana! Huku nyuma hatuone kitu!" Nikadhani ni chaki mbaya. Nikakandamiza. Niliandika jina la Tanganyika, nikarudi nyuma kulitazama. T ilikuwa kubwa kama yai, na a ya mwisho ilikuwa kama punje ya mtama. Sikujua nani aliyeliandika hivyo. Nikafuta, nikaandika tena, likatoka vilevile.

Halafu mama yako, tukitoka misa, akaniuliza: "Papa Nsimire, huu mukono yako ya kuume iko na hasira na nani?" Nikatazama. Mkono wa kushoto ulikuwa unatembea pamoja nami, wa kuume umening'inia tu, kama wa mtu aliyekataa kusalimia. Hapo kulikuwa hakujaanza kutetemeka. Kutetemeka kulikuja baadaye, na kulipokuja watu wakapata maelezo yao. Kule kwenye kituo cha afya walisema ni baridi yabisi, wakanipa mafuta ya kupaka. Shuleni walisema ni kinywaji, mimi ambaye hata kasiksi, pombe ya ndizi ya matanga, ilikuwa inanishinda. Tonton Murhula alishuka kutoka Kamituga akasema kuna mtu ananionea wivu, akanipeleka kwenye chumba cha maombi. Pale mkono ulitulia kweli wakati wa kuombewa, maana ukimshika mkono mtu wa ugonjwa huu na kumtuliza, unatulia. Tulipotoka nje ukaanza tena. Murhula aliutazama njia yote mpaka nyumbani. Simlaumu. Alikuwa anatafuta kitu cha kupigana nacho.

Daktari aliyejua alinifanya nitembee kwenye kolido, nigonganishe vidole, niandike sentensi moja. Aliisoma sentensi, akaniambia jina: Parkinson. Akaongeza kwa Kiswahili chetu, taratibu: "Haiko bulozi, haiko pombe, haiko baridi. Ndani ya bongo kuna fasi inatengenezaka kitu ya kufanya mwili itembee muzuri. Yako inatengeneza kidogo. Dawa iko. Haiponyeshe, lakini inasaidia." Dawa yenyewe ni levodopa. Hapa mjini ilikuwa haipatikani kwa urahisi, nyingi ilitoka ng'ambo ya Ruzizi.

Siku za kwanza ilinitapisha. Halafu mwili ukaizoea, na asubuhi moja nikafunga vifungo vya shati. Vyote, kuanzia shingoni. Nikavifungua, nikavifunga tena. Mama yako alisimama mlangoni na beseni ya nguo.

"Unafanya nini?"

"Nafunga shati."

"Na juu ya nini unafungua?"

"Nipate kufunga."

Aliweka beseni chini, akakaa juu ya kitanda, akacheka mpaka machozi. Mimi pia nilicheka. Ulikuja mbio kutazama ni nini, ukatukuta hivyo, ukacheka nawe bila kujua sababu.

Sasa ingekuwa vizuri niseme kwamba tangu siku hiyo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Kwenye kolido ya hospitali, nikingojea zamu, nilikaa na mzee mmoja, mtumishi wa serikali wa zamani, mwenye ugonjwa kama wangu. Aliniinamia akaniambia: "Ndugu, ile kinini iko na miaka yake. Ukianza kuikunywa sana mapema, itakuishia nguvu mu njia. Uichunge." Nilimwamini palepale. Maneno yake yalifanana na hekima, na mimi kwa miaka nilikuwa nimefundisha kwamba madini yakichimbwa yanakwisha. Nilifikiri ndani ya hizo kinini kuna mshipa wa dhahabu kama wa Kamituga, na kila nikimeza moja ninaupunguza. Sikumuuliza daktari. Nilijua jibu tayari, na mtu anayejua jibu haulizi.

Basi nikaanza kuiweka dawa. Niliimeza siku zenye maana tu: ubatizo, matanga kule Walungu, siku mkurugenzi wa shule niliyokuwa nimeiacha alipokuja kunitembelea, siku Murhula aliposhuka na nyama. Siku hizo nilinyoa ndevu, nilivaa shati la vifungo, nilizungumza, nilisindikiza watu mpaka barabarani. Nao walisema, "Eh, muzee iko muzima kabisa!" Mama yako alikaza midomo na kwenda kuangalia chungu. Siku zilizobaki nilikaa kwenye kiti cha dirishani. Sikuwa na maumivu makubwa. Nilikuwa mzito tu. Kuinuka kulikuwa kazi, kugeuka kitandani kulikuwa kazi, kukujibu kulikuwa kazi. Mama yako alinikatia nyama katika sahani kama ya mtoto. Niliona ni bei ya haki. Nilikuwa natunza kesho.

Mwaka ule mlifundishwa habari za ziwa letu. Ulirudi na daftari, ukaniomba nikuonyeshe mahali Ruzizi inapoanzia. Kutoka kwetu ni mwendo wa kushuka tu, na mimi ndiye prof wa jografia. Nikasema siku nyingine. Ukaomba tena, nikasema tena siku nyingine. Mwishoni ulikwenda na wenzako, ukarudi unanieleza kwamba umeona mto unavyoingia ziwani. Nikakusahihisha kutoka kwenye kiti: "Hauingii, unatoka." Ukasema, "Mi niliona unaingia." Tuliishia hapo.

Siku ambayo nataka uijue vizuri ilikuwa Jumapili. Walimu wenzangu wa zamani walikuwa waje kula kwetu. Nilimeza kinini, nikanyoa, nikavaa. Mama yako alipika sambaza, dagaa wa ziwa letu, na bugali. Mvua ikanyesha, udongo ukaporomoka upande wa kwao, wakapiga simu kwamba hawatoki. Nikabaki katikati ya salon nimesimama vizuri, mikono imetulia, na hakuna wa kunitazama.

Uliingia kutoka kwa jirani, ukaniangalia toka viatu mpaka kichwa.

"Bageni hawakuye?"

"Hawaji tena."

"Sasa umepoteza dawa."

Ulisema hivyo kama mtu mzima anayehesabu hasara ya soko. Halafu ukauliza: "Papa, juu ya nini unakunywaka dawa siku ya bageni tu? Siye hatuko batu?"

Hukuwa na hasira, hilo nalikumbuka. Uliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Mama yako alikuwa anachagua maharagi, mkono wake ukasimama juu ya sinia. Nami nikakujibu kama mwalimu. Nikakueleza kwamba dawa hii ina nguvu za miaka fulani, kwamba mtu mwenye akili anaitunza, kwamba ninaiweka kwa ajili ya baadaye.

"Nani alisema?"

"Muzee mumoja ku hospitali."

"Iko docteur?"

"Hapana."

Ukasema "Aah," ukaenda kuvua viatu vya matope.

Nimesahihisha kazi za wanafunzi wengi maishani, lakini sikupata kuona jibu langu likianguka kwa haraka namna ile. Nilibaki nimesimama. Nje mvua ilikuwa imekatika. Nikakwambia, "Vaa tena hivyo viatu."

Tukashuka. Mimi na wewe, na fimbo ambayo sikuihitaji. Njia ilikuwa utelezi mtupu, watu wa Jumapili walikuwa wanapandisha na makanzu yao wameyashika, na wewe ulikuwa unanitangulia ukigeuka kila mara kutazama kama bado ninakuja. Tulipofika karibu na maji nilikuokotea jani pana nikakwambia ulitupe. Ulilitupa. Lilikaa kidogo kama halijui, halafu likaanza kwenda, likaondoka ziwani, likachukuliwa na mto upande wa Kamanyola. Ulilitazama mpaka likapotea. "Kumbe inatoka," ukasema. Nikakueleza kwamba jani lile likiwa na bahati litafika bondeni, na maji yenyewe yatafika Tanganyika. Uliniuliza maswali mengi kuliko darasa zima la mwaka mmoja.

Wakati wa kupanda, dawa ikaisha. Unajua inavyokuwa. Tulifika kwenye ule mfereji mbele ya duka la mikate, na miguu ikagandamana na ardhi. Kichwa kinasema nenda, miguu haisikii. Watu wakaanza kukusanyika, mmoja akasema muzee amelewa Jumapili nzima. Ulikuja mbele yangu, ukaweka mguu wako kwa upande mbele ya viatu vyangu, ukasema: "Ruka huu." Nikaruka. Ukaweka tena. "Ruka na huu." Tulipita mfereji hivyo, na kilima chote hivyo. Baadaye daktari aliniambia kwamba wagonjwa wengine wanafundishwa mbinu ya namna hiyo, mstari chini au kitu cha kuvuka. Nilimuuliza nani angeweza kumfundisha mtoto. Akasema labda hakuna.

Nilikwenda kwake wiki ileile, na mara hii nikauliza. Alivua miwani. "Papa, sikiliza. Dawa haiishe nguvu. Ugonjwa ndio inaendelea mbele. Ukiweka kinini mu sanduku, ugonjwa haikungojake. Ile siku haukukunywa, haukuiweka fasi yoyote. Imeenda." Akanipangia vipimo vya dawa vya kila siku, asubuhi kabla ya chai, mchana kabla ya chakula, jioni, nami nikavishika. Nilianza kufundisha watoto wa mtaa waliojitayarisha kwa mtihani wa serikali, hapa kwenye meza hii. Uliyaona yote hayo. Ile miaka ilikuwa mizuri.

Herufi zinapanda. Naacha.

Nimerudi. Mama yako amefika, amepanga unga katika mifuko miwili kwa sababu mmoja unaweza kupasuka. Ameniuliza ninaandikia nani. Nikasema mtu anayelala chumba kile. "Si umuite tu?" Nikamwambia nikikuita nitasema maneno mawili halafu nitachoka. Amekubali, ameniwashia taa, amekwenda kupiga pasi.

Nisikudanganye kwamba nilifaulu somo lile mara moja kwa siku zote. Korona ilipofunga mpaka wa Ruzizi, ulikuwa sekondari, unakumbuka. Dawa haikuvuka tena. Mama yako alichukua kisu cha jikoni akaanza kukata kinini nusu, halafu robo, na vumbi lililobaki juu ya ubao alilikusanya kwa kidole akanipa nilambe. Nilirudi kwenye kiti, na mara hii shingo pia ilikaza. Wewe ulizunguka farmasi zote kutoka Nyawera mpaka Panzi na barakoa ya kitenge. Mwishoni Tonton Murhula ndiye aliyeteremka Kamanyola mpaka Uvira, akarudi na maboksi yamefunikwa na maharagi, kama mtu wa magendo. Aliyamwaga mezani, akasimama anaangalia mkono wangu, namna alivyouangalia siku ya chumba cha maombi. Nilipomeza na kutulia alisema, "Sawa," akaomba chakula.

Katika majuma yale nilipata nafasi ya kufikiri, maana kingine sikuweza. Niliona kwamba njaa na kufunga si kitu kimoja. Mtu akinyimwa, anavumilia, na watu wake wanavumilia pamoja naye, na hakuna wa kumdai maelezo. Lakini ile miaka ya mwanzo dawa ilikuwa ndani ya kabati, na mimi nilikaa dirishani. Sikwambii hivi ili nikufundishe kitu. Uko na akili yako, na kule utakutana na wazee wako wa kolido, wenye sauti ya chini na maneno yanayofanana na hekima. Sijui watakwambia uchunge nini. Mzee wangu wa kolido alikuwa mtu mwema. Alikufa kabla yangu, na mke wake alinieleza kwamba aliacha maboksi mazima, hayajafunguliwa.

Nimebakiza jambo moja, ambalo ndilo gumu.

Siku ile ulipoingia na simu mkononi ukasema, "Papa, wamenikubali Lubumbashi, jiolojia," nilikuwa nimekula maharagi na nyama ya mbuzi mapema mno juu ya kinini. Unajua chakula cha namna hiyo kinavyoizuia. Dawa ilikuwa haijashika. Nikasema, "Vizuri." Ulingoja. Niliona unangoja. Ukasema, "Vizuri tu?" na ukaingia jikoni. Kutoka kwenye kiti nilikusikia unamwambia mama yako: "Papa hapendi niende. Basi nitabaki, nitajiandikisha hapa. Na dawa yake nani ataiangalia?"

Tangu hapo hatukulizungumzia. Tonton alikugombeza kwa simu, ukakubali kwenda, lakini nimekuona unavyokunja nguo.

Ugonjwa huu unamnyima mtu uso, Nsimire, mara nyingine kabla ya kumnyima miguu. Kucheka kunahitaji misuli, na misuli ya uso nayo inangojea dawa kama ile ya mkono. Kile ulichokiona siku ile ni ukuta. Nyuma ya ukuta nilikuwa nimepanda juu ya meza. Binti yangu anakwenda kujifunza mawe, na mawe yenyewe ni Kongo nzima. Nilitaka kukuuliza habari za milima, za migodi, za walimu. Nilitaka kuita majirani. Kilichotoka ni "vizuri", na sauti yenyewe ilikuwa ya mtu anayepokea risiti. Sikujua namna ya kukurudisha kutoka jikoni, na dawa iliposhika, ulikuwa umetoka kwenda kwa rafiki zako, na mimi nikaona aibu kukupigia simu kukwambia kwamba sasa ninafurahi.

Basi ninakwambia sasa. Nilifurahi palepale, na bado.

Kuhusu dawa, ni yangu. Ulianza kuzibeba saa zangu za dawa ukiwa mdogo mno, na hakuna aliyekuomba. Simu ya mama yako inalia kwa kila moja, na mimi bado ninajua kusoma saa ya ukutani. Uziache hapa, usizipakie. Sitakuficha kwamba zinafupika. Kinini inashika kwa muda mdogo kuliko zamani, na ikishika sana inanichezesha mabega bila muziki, umeona mwenyewe. Daktari anapanga upya kila mara. Ukirudi likizo unaweza kunikuta nimeinama zaidi. Ugonjwa ungefanya hivyo hata ukibaki, na mimi ningekuwa na mtu wa kumtazama akipoteza mwaka wake pembeni yangu.

Kesho gari itapiga honi mapema, na huenda dawa itakuwa haijafika usoni. Nitakuwa kwenye kiti. Ukiniaga utaona ule ukuta. Usiusome, hauna maandishi. Nipe mkono tu, na uusikilize huo.

Tena sauti yangu inazidi kushuka. Kwa simu itakuwa mbaya zaidi, hasa jioni. Mama yako husema kwa huruma, "Papa amechoka, tutaongea kesho," na watu wote hufanya hivyo sasa, hata Murhula. Wewe usifanye. Ukipiga na usiposikia nilichosema, useme, "Papa, sikusikia, rudilia." Hata mara tano. Mimi nitarudilia.

Papa yako